Glasgow Uianzie kwenye Winchi: Namna ya Kuusoma Mji kwa Reli Zake, Ukitokea Tanga

Mpwa wangu amepata nafasi ya kwenda kusoma Glasgow, mwaka mmoja. Alipokuja kuniaga hapa barabara ya 12, hata marahaba sijaimaliza, akaniuliza, "Mjomba, wewe kule umekaa. Nikifika nikatazame nini?" Nikamwambia, katazame reli. Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha, maana kwake yeye reli ni kitu cha kuvuka tu ukitoka Ngamiani kwenda mjini, uangalie usijikwae kwenye mataruma.

Basi nimemwandikia, na ninayaweka wazi kwa mwingine yeyote mwenye safari hiyo. Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli, za bandari ya Tanga. Mwaka 1984 nilipelekwa Glasgow kwa kozi ya miezi tisa, na mwaka 2018 nikarudi kumwona binti yangu. Lakini jina la mji ule nililijua kabla sijaanza shule. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, njia ya Tanga na Moshi, enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Siku moja alininyanyua nisome bamba la chuma ubavuni mwa injini, herufi moja moja, mpaka likaisha: GLASGOW. Yeye akilitamka Gilasigo. Nikakua nikiamini kwamba Gilasigo ndiye mama wa injini zote duniani na kwamba zinazaliwa huko kama ndama.

Sikuwa nimekosea sana.

Vitabu vya watalii vitakwambia uanzie Stesheni Kuu, Glasgow Central. Ni stesheni nzuri, nitaifikia. Ila Mtanga akianzia pale ameingia kwa mlango wa mbele: atakaribishwa sebuleni, atapewa chai, ataaga, asijue nyumba inapika nini. Sisi tunao mlango wetu wa uani. Ni gati ambako injini zilipakiwa melini kuletwa huku kwetu na kwingineko. Anzia hapo kwenye gati, rudi nyuma mpaka kiwandani zilikozaliwa, na stesheni uzipitie njiani. Ukienda kwa mpango huo, kila stesheni utaijua ilikuwa na kazi gani.

Kwanza fanya zoezi hapa hapa

Kusoma mji kwa reli ni ufundi, na ufundi hujifunzwa nyumbani. Asubuhi moja kabla jua halijawa kali, nenda stesheni ya Tanga. Kabla ya kutoa simu upige picha, mtafute stesheni masta umwombe ruhusa. Nasema kwa yaliyonikuta: mwaka mmoja nilipiga picha ya tangi la maji kwenye stesheni moja ya njiani, sitaitaja, nikakalishwa kwenye benchi saa mbili nikieleza mimi ni nani na tangi nalitakia nini. Glasgow hawana shida hiyo, piga picha zako mradi usiwashe mwanga wa kamera ukampofusha dereva. Huku omba.

Ukishakubaliwa, simama ujiulize maswali manne. Nani aliijenga, na pesa zilitoka wapi? Ilibeba nini? Kwa nini inapita hapa na si pale? Nini kimekufa, na mzoga wake uko wapi?

Hii yetu ilianzwa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1893, na ilipofika 1896 ikawa Muheza, kilomita 40. Miaka mitatu kwa kilomita 40! Mfuko ukatoboka pale pale kwenye machungwa, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka kumi na minane. Hesabu hizo zinakueleza mambo mengi kuhusu kampuni kuliko jengo lolote: ukiona reli inakwenda kwa kusuasua, inasimama, inaanza tena, jua kuna mtu alikuwa anabembeleza mkopo.

Swali la mzigo usilijibu kwa kutaja abiria. Reli hujengwa kwa mzigo, abiria hudandia. Mwaka ule ule wa 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo 62 mkoa mzima ukageuka shamba. Ifuate njia kwa macho uone inaelekea wapi. Inaelekea majini, kwa sababu marobota ya singa yalikuwa yanaelekea majini.

Kwa nini inapita ilipopita: kwa sababu treni haipendi mlima. Ukitazama ramani utaona reli inauzunguka Usambara kwa chini, na kutoka Korogwe inafuata bonde la mto Pangani mpaka juu kabisa. Haikuwafuata watu; watu wakaifuata yenyewe. Na kwa faida ya wanaopenda vita, Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha askari kuja kuuchukua mji huu, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwashusha wa kwake kutoka Moshi kwa treni hii hii. Watu wanasimulia nyuki waliowauma askari vitani. Mimi nasimulia treni.

Waliokufa je? Toka Tanga uelekee Muheza, ufike Tengeni. Hapo ilikuwa inachepuka reli ndogo kwenda Sigi, kuteremsha mbao za misitu ya Usambara Mashariki. Upana wake ulikuwa sentimita 75, wakati hii kubwa ni mita moja kamili, kwa hiyo mzigo ulilazimika kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Shika jambo hilo la upana, utalihitaji Glasgow. Na mwaka 1963 ikafunguliwa njia ya kutoka Mnyusi kwenda Ruvu, kutuunganisha na Reli ya Kati. Serikali ilifurahi. Baba hakufurahi, alisema shimo likishatobolewa chini ya mtungi, usiulize maji yamekwenda wapi. Hata treni ya abiria ya Moshi iliporudi mwishoni mwa 2019, ilitoka Dar es Salaam ikapita Korogwe. Mtanga anayetaka kuipanda anachukua basi kwenda kuisubiri Korogwe.

Ukiweza kuyajibu haya manne kwa Tanga bila kutazama karatasi, uko tayari kusafiri.

Muda, mvua na viatu

Jipe siku mbili. Kama una hiari, nenda kati ya Aprili na Septemba, kwa sababu Desemba kule jua linazama saa kumi kasorobo, na kutafuta reli iliyokufa gizani ni kazi ya mchawi. Mvua yao si kama ya kwetu inayopiga ikaisha. Yao inanata. Mwavuli utageuzwa na upepo mara mbili tu utautupa. Nunua koti lenye kofia. Viatu viwe vya kutembelea, si vya harusi.

Siku ya kwanza: winchi, na stesheni iliyozikwa

Shuka kwenye majukwaa ya chini ya ardhi ya Central, upande treni ya kwenda magharibi. Kituo cha kwanza Anderston, cha pili Exhibition Centre. Shuka hapo ufuate ishara za kwenda mtoni. Usitafute sana. Mto Clyde utauona, na kando yake kitu cheusi cha chuma kinachozidi mita 50 kwenda juu, mkono wake umenyooka kama wa mtu anayekuonyesha njia. Ndiyo winchi ya Finnieston.

Nimefanya kazi chini ya winchi maisha yangu yote, kwa hiyo nivumilie. Hii ilikamilika mwaka 1932, na uwezo wake ni tani 175. Hapa Tanga, miaka yetu, meli kubwa zilitia nanga mbali. Mzigo ukashushwa kwenye matishari, nasi kwa tagi tukayavuta mpaka gatini. Makuli wakahangaika nao kutoka hapo. Mara ya kwanza nilipoiona Finnieston nilikaa chini kabisa, kwenye jiwe. Nilikuwa nimeelewa kwamba injini ile ya baba ilikuwa inaning'inizwa hewani nzima, na magurudumu yake, kama mtoto anayebebwa kwa kwapa, kisha ikalazwa ndani ya meli. Winchi kubwa kiasi kile haijengwi kwa ajili ya magunia. Ilijengwa kwa mashine nzito, na injini za treni ndizo zilizokuwa mgeni wake mkubwa. Siku hizi hainyanyui kitu, imehifadhiwa.

Simama chini ya mkono wake ugeuze mgongo mto. Viwanja vile vya maonyesho unavyoviona mbele yako vimekaa juu ya bandari iliyofukiwa, Queen's Dock. Mwaka 1984 jumba la kwanza la maonyesho lilikuwa bado linajengwa, lilifunguliwa 1985. Mzee mmoja mwenye kofia bapa, tuliyekuwa tukikutana naye kwenye benchi, akanielekezea kwa fimbo yake: "Hapo chini kuna stesheni nzima." Nikadhani amelewa. Kumbe alikuwa mzima kuliko mimi. Stesheni ya St Enoch, iliyofunguliwa 1876, ilifungwa 1966 na ikabomolewa 1977, na kifusi chake kikaletwa kuifukia bandari hii. Kwa hiyo unapovuka pale kwenye maegesho ya magari, unatembea juu ya kuta za stesheni. Likumbuke swali la nne. Mzoga wa reli mara nyingi hauko pale ilipofia.

Kutoka hapo fuata mto kuelekea magharibi, nusu saa hivi kwa mguu, mpaka Jumba la Makumbusho la Riverside. Lilifunguliwa 2011, limechorwa na Zaha Hadid, paa lake lina mikunjo kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo. Kuingia ni bure. Ndani kuna kila kitu: tramu, baiskeli zilizotundikwa juu, magari ya farasi, mtaa wa kale. Vyote hivyo viache kwanza. Uliza iliko injini ya Afrika Kusini.

Ni nambari 3007, daraja la 15F, iliyojengwa Glasgow mwaka 1945 kwenye kiwanda cha Polmadie cha kampuni ya North British. Ilifanya kazi Afrika Kusini mpaka ikastaafu, na mwaka 2007 ikarudishwa nyumbani kwa meli. Namna ya kuitazama ni hii: usianze na ukubwa wake, kwa kuwa ukubwa utakuziba macho. Tafuta bamba kwanza. Soma jina la kampuni, mji, mwaka. Kisha shuka kwenye magurudumu ukadirie nafasi baina ya reli mbili. Ya Afrika Kusini ni milimita 1,067, ya kwetu 1,000, ya Uingereza 1,435. Maana yake injini hii ilizaliwa Glasgow lakini isingeweza kusafiri hatua moja kwenye reli za Glasgow. Ilizaliwa kwa ajili ya ugenini. Ndiyo sababu zilikokotwa barabarani kutoka kiwandani mpaka kwenye winchi, watu wakisimama kandokando kuzitazama.

Mwaka 2018 binti yangu alinikuta mbele ya bamba lile, akasema, "Baba, umesimama hapa dakika arobaini." Sikuwa na habari.

Asiyejaliwa kufika Glasgow asisononeke. Kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi kuna ndugu yake, nambari 3020, jina lake Nyaturu, iliyojengwa na kampuni hiyo hiyo miaka ya 1950 kwa ajili ya reli zetu za Afrika Mashariki. Ni safari ya basi kutoka Tanga, na shilingi chache za kubadilisha mpakani.

Rudi mjini kwa reli ya chini ya ardhi. Kituo chake cha karibu na makumbusho ni Partick. Wenyewe huiita Subway, na kuipanda si shida hata kwa mgeni, kwa kuwa ni duara. Vituo 15, njia mbili, moja inazunguka kulia, nyingine kushoto, basi. Kutoka Partick mpaka St Enoch upande mmoja ni vituo saba na mwingine ni vinane. Ukikosea umepoteza dakika mbili. Mwaka 1984, baada ya zamu ya usiku ya mazoezi ya injini, nililala ndani yake nikapita kituo changu mara tatu. Mzunguko ni kama dakika 24. Sikukasirika; ilikuwa na joto kuliko chumba changu.

Ilifunguliwa Desemba 1896, mwaka ule ambao yetu ilifika Muheza, na ni ya tatu kwa ukongwe duniani baada ya London na Budapest. Mpaka 1935 mabehewa hayakuwa na injini wala umeme wa kuyavuta. Kulikuwa na kamba ya chuma inayozunguka bila kusimama, na behewa likiishika linakwenda, likiiachia linasimama. Upana wa reli yake ni milimita 1,219, haufanani na wa mtu yeyote. Mrefu atainamisha kichwa.

Shuka St Enoch. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilidhani ni Nabii Idrisi, ambaye Wakristo humwita Henoko. Sivyo hata kidogo. Ni mwanamke, Teneu, mama yake mtakatifu wa mji ule. Jina likatafunwa na vinywa vya watu karne kwa karne mpaka likawa Enoch. Na huyo mwanawe mtakatifu anaitwa Mungo. Naam, Mungo. Wenzangu wa kozi hawakuelewa kwa nini mimi na Mswahili mwenzangu wa Mombasa tulicheka siku nzima.

Hapo uwanjani kuna kijumba cha mawe mekundu, kina vijinara kama cha hadithi. Kilijengwa 1896 kuwa ofisi na mlango wa Subway. Siku hizi kinauza kahawa. Nyuma yake limesimama duka kubwa la paa la kioo, lililofunguliwa 1989: hapo ndipo stesheni ilipokuwa, yenye paa kubwa la kioo vilevile. Waliivunja ya zamani, kisha wakaja kuiiga. Saa yake ilipelekwa mji wa Cumbernauld. Hesabu basi: mwili uko Finnieston, saa iko Cumbernauld, jina limebaki hapa. Hata Mkwawa hakugawanywa hivyo.

Siku ya pili: kiwandani, kisha ndiyo Central

Anzia Queen Street, asubuhi. Ilifunguliwa 1842 na reli ya Edinburgh na Glasgow, na mpaka leo ndiyo stesheni ya kwendea Edinburgh na kaskazini. Central ni ya kusini na England. Kati yao ni mwendo wa dakika kumi kwa mguu, na mgeni mwenye mabegi atajiuliza kwa nini mji mmoja una stesheni kuu mbili zisizogusana. Jibu ni swali la kwanza: kampuni tofauti, mifuko tofauti, uadui mmoja. Wakati fulani zilikuwa nne, za kampuni tatu. St Enoch na Buchanan Street zilifungwa mwaka mmoja, 1966.

Pale Queen Street simama mwisho wa jukwaa utazame handaki. Linaanza papo hapo na linapanda. Mlima huo, Cowlairs, uliwashinda wajenzi wa injini za mwanzo, kwa hiyo treni zilivutwa kwa kamba na mtambo uliosimikwa juu, kutoka 1842 mpaka 1908. Kwetu walizunguka mlima. Wao walitoboa na kufunga kamba. Mwenye pesa na mwenye haraka hafuati bonde.

Kisha teremka majukwaa ya chini upande treni ya Springburn, kama robo saa.

Springburn itakuvunja moyo, nakuonya mapema. Utashuka ukute nyumba za kawaida, barabara kubwa na nyasi. Mahali hapa ndipo palipokuwa Gilasigo ya baba. Mwaka 1903 kampuni tatu, Neilson Reid, Sharp Stewart na Dübs, ziliungana zikawa North British Locomotive, kampuni kubwa kuliko zote za kujenga injini Ulaya. Dübs ndiyo iliyokuwa Polmadie, kusini mwa mto. Hizo mbili nyingine zilikuwa hapa. Injini zilitoka hapa kwenda India, Afrika Kusini, Argentina, kwetu. Mvuke ulipopitwa na dizeli wakachelewa kugeuka, na mwaka 1962 kampuni ikafa. Mwaka huo huo, Septemba, tramu ya mwisho ya mji nayo ikaegeshwa. Zilianza kwa farasi mwaka 1872. Watu robo milioni walitoka kuiaga kwenye mvua.

Uliza mtaa wa Flemington. Huko ofisi kuu ya kampuni bado imesimama, jengo refu la mawe mekundu. Usiingie haraka. Rudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara utazame juu ya mlango: pamechongwa uso wa injini, unakuja mbele kama unataka kutoka ukutani. Nimeona milango ya Unguja na ya Pangani, nakshi za kila namna, misumari ya shaba, minyororo, maua ya yungiyungi. Mwenye nyumba huweka juu ya mlango kile anachojivunia. Hawa waliweka injini.

Ukirudi mjini tembea ukiwa umeinua macho. Kwenye kuta za majengo ya zamani, ghorofa ya pili au ya tatu, utaona vyuma vya duara kama maua vimepigiliwa ukutani bila sababu. Hivyo vilishikilia nyaya za umeme za tramu. Ukishaviona vitatu vinavyofuatana, umepata njia ya tramu. Mchezo huu nimemfundisha mjukuu wangu kule, sasa anavihesabu kuliko mimi.

Na Bustani ya Mimea, ukipata nafasi: ndani ya miti kuna matundu yamezungushiwa uzio, chungulia chini utaona majukwaa ya stesheni iliyoacha abiria mwaka 1939. Popo na mikorosho mwitu ndiyo sisi tungekuwa nayo. Wao wana mimea ya kutambaa.

Sasa ingia Central. Ifike jioni, watu wanapotoka kazini, kwa sababu stesheni hii inaonekana vizuri ikijaa. Ilifunguliwa 1879 na kampuni ya Caledonian, ikaonekana ndogo mapema, ikapanuliwa kati ya 1901 na 1905. Simama katikati ya ukumbi utazame majengo ya mbao yaliyomo ndani, yale ya tikiti na maduka. Hayana pembe. Yote yamepindwa kwenye kona. Mhandisi Donald Matheson aliona kwamba umati wa watu hutiririka kama maji, na maji yakikuta pembe hujikusanya yakafanya fujo. Basi akaamuru pembe ziondolewe. Simama dakika tano tu utazame. Watu mia tano wanapita na hakuna anayegongana na mwenzake. Sisi wa bandarini tunalijua hilo, ndiyo maana nguzo za daraja kwenye maji huchongwa ncha.

Karibu na hapo kuna ganda kubwa la kombora la enzi ya Vita vya Kwanza, limegeuzwa kuwa sanduku la sadaka. Ndipo watu wa Glasgow wanapopeana miadi, kama sisi tunavyoambiana tukutane mnara wa saa. Mweke mtu miadi hapo hata kama humjui mtu mwingine mjini. Ukisimama pale unaonekana mwenyeji. Kuna pia matembezi ya kulipia yanayokushusha chini kwenye jukwaa la zamani lililoachwa. Nafasi huisha, zikate mapema.

Kisha toka kwa mlango wa chini, upande wa Argyle Street. Hapo utajikuta uko chini ya stesheni yenyewe: majukwaa yanapita juu ya barabara kwenye daraja pana lenye madirisha makubwa ya kioo, na maduka chini yake. Wanaliita Mwavuli wa Watu wa Milimani. Watu wa nyanda za juu za Scotland walipoondolewa kwenye mashamba yao na kuja mjini kutafuta kazi, hawakuwa na pa kukutania, na mvua ndiyo hiyo. Wakawa wanakusanyika hapa mwisho wa wiki, wanazungumza Kigaeli, wanaulizana habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafa, nani kapata kazi. Kampuni ya reli haikupanga hilo. Ilijenga daraja, na watu wakalifanya baraza.

Mimi na yule wa Mombasa tulikuwa tukisimama pale Jumamosi mwaka 1984, tukila viazi vya kukaanga kwenye karatasi, tunasema Kiswahili kwa sauti kubwa. Hatukuijua hadithi yake wakati huo. Palikuwa pakavu tu.

Ukimaliza, kituo cha Subway cha St Enoch kiko dakika chache kutoka hapo, na panda upande wowote, utafika. Ila angalia siku: Jumapili wanafunga mapema, karibu saa kumi na mbili jioni, na kutoka hapo mpaka chuoni kwako, mpwa wangu, ni kwa mguu na mvua.